Maji ya moto au ya baridi? Jibu kwa dada wa Corolla aliyepasukiwa kioo

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Nipo Minnesota huku Marekani, nimetokea Tanga, huu ndo msimu wangu wa kwanza wa baridi. Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani kwa hiyo kutwa niko barabarani na Corolla yangu ya 2012. Karibu na ninapokaa kuna kawoshi mbili za kujioshea mwenyewe, moja maji yake ni baridi tupu, dola 4 kwa dakika 4, nyingine imeandika maji ya moto, dola 6 muda ule ule. Binamu yangu anasema maji ya moto yanakula rangi, mwenzangu kazini anasema bila maji ya moto chumvi haitoki. Nani mkweli? Halafu wiki iliyopita nilimwagia kioo cha mbele maji ya birika ili barafu itoke, kikapasuka mstari kuanzia pale kijiwe kilipogonga zamani mpaka katikati, sasa naogopa maji ya moto kabisa. La mwisho, mjomba yuko Tanga anataka kufungua kawoshi, ananiuliza aweke boila, ule mtambo wa kupasha maji?"

Marahaba mdogo wangu, na karibu kwenye baridi. Pole na kioo, nitakuja huko kwenye kioo, ila kwanza nikwambie hao washauri wako wote wawili hawajapatia, na wewe usiyachukie maji ya moto kwa kosa la birika.

Jibu fupi kwa wenye haraka: moto ni wa sabuni. Basi. Hela ya maji ya moto iishie pale ambapo sabuni ipo kwenye gari, baada ya hapo suuza na baridi, na ile chumvi ya uvunguni we tafuta maji mengi usitafute maji ya moto. Sasa kaa nikueleze kwa nini, manake ukishajua kwa nini hutakuwa unauliza upya kila kawoshi utakayoingia.

Mi kazi yangu ni hii hii, natunza mitambo ya hizi kawoshi, pampu, boila, mipira, nozo (zile ncha za bunduki zinazotoa maji), huu mwaka wa 11 nipo huku, na kabla ya hapo nimeosha gari kwa ndoo na dodoki pembeni ya barabara Dar. Kwa hiyo nimeosha kwa maji ya aina zote, hadi ya mvua.

Fungua kabati lako la jikoni. Najua una chupa ya mafuta ya nazi, mtu wa Tanga hakosi. Nyumbani yalikuwa yanamiminika, huku yameganda meupe kama samli unachota na kijiko. Mafuta ni yale yale, ila mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanashikana. Sasa nenda nyuma ya Corolla yako upitishe kidole kwenye buti. Kinatoka cheusi, na ukikisugua na dole gumba unasikia utelezi. Hilo siyo vumbi tupu, ni vumbi lililokandwa na mafuta, moshi wa magari, oili zinazodondoka barabarani, lami, vipande vya tairi. Gari ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri ule utando umekaza kama hiyo nazi yako, na ukiupiga na maji ya baridi peke yake hata kwa presha kubwa unatoa matope ya juu tu, gari ikikauka unaona kijivu kimebaki, unasema kawoshi mbovu.

Moto unalainisha huo utando, na sabuni nayo inafanya kazi haraka zaidi ikiwa na joto. Mambo ya kusafisha kuna Mjerumani mmoja, Herbert Sinner wa kampuni ya Henkel, aliyaweka vizuri sana mwaka 1959, akasema usafi wowote unatokana na vitu vinne: dawa, kusugua, joto na muda. Ukipunguza kimoja inabidi uongeze kingine. Bibi yako hajamsoma Sinner ila anaijua hiyo, sufuria ya ugali yenye ukoko hang'ang'anii kuisugua, anailoweka usiku kucha kwa maji ya baridi na asubuhi ukoko unatoka wenyewe. Amekosa joto, amelipa kwa muda. Kwenye kawoshi ya kujioshea tatizo ndo hilo sasa, muda unauzwa. Kile kitaima kinahesabu na wewe unakimbia, ndo maana joto linaonekana lina thamani kuliko lilivyo.

Na hilo neno baridi lenyewe tuliangalie vizuri. Maji ya baridi ya Tanga ni maji ya nyuzi 26, 28 hivi, yakikaa kwenye tenki jeusi juu ya paa mchana yanazidi hapo. Maji ya baridi ya hapa mwezi wa kwanza yakitoka mtoni yanaweza kuwa nyuzi 2 au 3, ya kisima yana nafuu kidogo, 8, 9, 10. Mtu akikwambia "mi nimeosha gari maisha yangu yote kwa maji ya baridi na inatakata" muulize ameoshea wapi. Kama ni Pwani basi alikuwa anaosha kwa maji ya uvuguvugu bila kujua.

Haya, chumvi. Huyu mwenzako kazini anawaza chumvi kama sukari. Sukari ndo inayopenda moto, lita moja ya maji ya nyuzi 0 inayeyusha kama kilo 1.8 za sukari na yakichemka inapita kilo 4, ndo maana chai ya moto unaweza kuijaza sukari mpaka ukaogopa. Chumvi haiko hivyo. Lita ya maji ya nyuzi 0 inabeba kama gramu 357 za chumvi, ukiyachemsha mpaka 100 inabeba kama gramu 391, tofauti ndogo sana. Bahari ya kule kwetu yenyewe ina gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo hata haya maji ya baridi kabisa yana nafasi mara kumi ya bahari. Sikatai, ya moto yanaimumunya haraka kidogo, ila dola 2 za zaidi kwa ajili ya chumvi, hapana. Chumvi inataka maji yafike ilipo na yawe mengi, na ilipo siyo kwenye mlango unaoung'arisha wewe, iko uvunguni. Nyuma ya madigadi, kwenye ukingo wa ndani wa tairi la nyuma, kwenye ile mikunjo ya bati chini ya milango. Chuchumaa uelekeze bunduki ya maji toka mbele ya tairi kwenda nyuma na toka nyuma kuja mbele, mpaka yale maji yanayodondoka yaache kuwa na rangi ya kijivu. Na zile tundu ndogo chini ya milango, ni za kutolea maji, zikiziba na matope mlango unaoza ukiwa ndani kwa ndani na wewe nje unaona rangi inang'aa.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, siku barabara zikiwa za baridi sana, tuseme chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inaanza kuchoka, kwa hiyo wanachanganya na za aina nyingine, kalsiamu kloraidi na magnesiamu kloraidi. Hizo zinavuta unyevu toka hewani, yaani hata gari ikikauka zenyewe hazikauki vizuri, zinakaa zinanata. Ndo maana gari la chumvi ukiliingiza kwenye gereji yenye hita unalifanyia ubaya kuliko ukiliacha nje limeganda, kutu inapenda joto na unyevu. Kwanza osha chini ndo uingize ndani. Mi nawaambia watu kila siku 10 hadi 14 kipindi cha chumvi, hata kama ni dola 4 za maji baridi ya uvunguni tu na juu umeacha hivyo hivyo chafu. Watakucheka kazini, waache.

Binamu sasa, na rangi inayoliwa. Ile klia, tabaka la juu ya rangi linaloonyesha kama kioo, kiwandani inapitishwa kwenye oveni nyuzi kama 140. Hata mpiga rangi wa mtaani mwenye chumba cha kukaushia anafika 60. Kawoshi ya maji ya moto pale kwenye boila ni nyuzi 50, ikizidi sana 60, manake pampu nyingi zenyewe hazitaki zaidi ya hapo, sili, zile raba za ndani za kuzuia maji, zinakufa. Kwa hiyo moto huo hauwezi kuila rangi. Hata waksi ya kanauba, ile ngumu ya asili, inayeyuka nyuzi 82 hadi 86, hufiki huko. Ila binamu yako kuna kitu aliona na akakitafsiri vibaya, manake waksi kweli inaondoka pale, inaondolewa na sabuni ya kulowekea ambayo ni kali, na ikiwa ya moto inakuwa kali zaidi. Na rangi kubanduka kweli nimeona sana, ni mtu kasogeza nozo karibu kabisa na sehemu ambayo klia imeshaanza kuinuka, presha ya pale ni bari (kipimo cha presha) 80 hadi 100, ikipata upenyo inaingia chini ya rangi inabandua kama ganda la yai. Kaa mbali kama urefu wa rula ya shule, sentimita 30, na kwenye ubavu wa tairi usikaze kabisa.

Sasa nikupe siri ya upande wetu wa mitambo ambayo itakuokolea hela. Bunduki moja inatoa kama lita 12 kwa dakika. Kuzipandisha nyuzi 40 lita 12 kila dakika kunataka kilowati 33 na ushee. Birika lako la umeme tuseme ni kilowati 2, kwa hiyo ni kama unawasha mabirika karibu 17 kwa pamoja kwa kibanda kimoja tu, na kawoshi ina vibanda vinne vitano. Ndo maana wenye kawoshi wengi hata wakiandika MAJI YA MOTO kwa herufi kubwa kama mlango, wanachopasha ni sabuni peke yake, suuza inatoka baridi. Huo siyo wizi, ukiniuliza mi ndo mpangilio sahihi, ila ujue unacholipia. Kuna wengine boila imekufa toka mwaka jana na kibao bado kinawaka taa. Mwenye kawoshi mmoja, jina naliacha, nilimwambia miezi mitatu boila yake imekatika mchomeo akawa ananijibu "wateja hawajalalamika".

Kujua ni rahisi. Ukishaweka hela ukachagua sabuni, shika mpira karibu na bunduki, usishike nozo, shika mpira. Ndani ya nusu dakika unatakiwa usikie joto kwenye kiganja hata ukiwa na glovu nyembamba. Mvuke usikudanganye, siku ya baridi kali hata maji ya nyuzi 15 yanafuka. Na ujue kwamba maji yakishatoka nozo yamekuwa vitone vidogo vidogo, kwenye hewa ya baridi vinapoa kabla havijafika kwenye bati, ukisimama mbali mita moja na nusu umelipia moto umepasha hewa ya Minnesota. Hapo kwenye sabuni ndo pa kusogea, sentimita 30, 40.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, na hiyo Corolla, na hizo kawoshi mbili, ningefanya hivi. Siku ya kuosha gari zima ningeenda ya moto, ila siyo kila mara, tuseme mara moja kwa mwezi, na nyingine zote nawahi ya dola 4 napiga uvunguni. Kwenye ya moto ningeweka hela ya chini kabisa wanayokubali, nachagua sabuni ya kulowekea, naipaka toka chini kwenda juu (ukianza juu inatiririka michirizi kwenye bati kavu na ile michirizi inabaki), nikimaliza gari zima naacha muda uishe. Uishe kabisa. Halafu nasimama dakika mbili sijalipa hata senti. Unaona ujanja? Muda ule wa kuloweka ndo unafanya kazi kubwa na kitaima kimezimwa. Kama kuna foleni nyuma yako utapigiwa honi, kwa hiyo nenda saa ambazo hakuna watu, na usiache sabuni ikakauka, wakati wa kiangazi dakika mbili ni nyingi, dakika moja inatosha. Ndo naweka hela tena, naanza na sabuni ya presha ya moto sehemu za chini na nyuma, halafu suuza toka juu kwenda chini.

Brashi ya povu sikushauri. Aliyetangulia labda ametoka shamba na pikapu ya matope, mchanga wake wote umo kwenye zile nywele na wewe unaupitisha kwenye rangi yako kama msasa. Na siku ya baridi brashi inaganda inakuwa kama tawi la mti, moto au baridi haisaidii, sehemu nyingi tunaifunga kabisa kipindi hicho.

Suuza iwe baridi kwa sababu nyingine pia, siyo hela tu. Bati likiwa la moto maji yanakauka mbio, na kinachobaki ni madoa meupe ya chokaa. Miji mingi ya pembezoni mwa jiji la Minneapolis inakunywa maji ya visima, magumu, ukiangalia hata birika lako chini utaona ukoko mweupe. Kuna ile suuza ya mwisho wanaiita isiyoacha madoa, ni maji yaliyopitishwa kwenye chujio la utando mpaka madini karibu yote yametoka, yanatoka kama mvua ya manyunyu bila presha. Hayo ndo yapitishe ya mwisho, na hayo hata ulipe nini yatakuwa ya baridi, kwa sababu ule utando hauvumilii moto, nyuzi 45 ukizidisha unaharibika, na hakuna anayejisumbua kuyapasha baadaye. Dakika moja inatosha gari dogo. Ukisuuza vizuri na hayo huna haja ya kufuta gari zima.

Haya tuje kwenye kioo. Kioo kikipata joto kinatanuka. Birika lako ni nyuzi 95 hivi na kioo kilikuwa labda 15 chini ya sifuri, hiyo ni tofauti ya nyuzi 110 imeangukia sehemu moja kwa sekunde moja, ile sehemu inataka kutanuka na jirani yake bado imeganda inamshikilia. Kioo kizima kizima kinaweza kupona, ila chenye jeraha la kijiwe ndo pale pale mpasuko unapoanzia, kama kitambaa kilichochanika kidogo ukikivuta. Kimebaki mahali pake kwa sababu kioo cha mbele ni vioo viwili vimegundishwa na plastiki katikati, kimepasuka cha nje. Hivyo vya pembeni ni aina nyingine, kikizidiwa kinamwagika chote kama punje za mahindi.

Sasa kawoshi ya moto je? Maji yanafika kwenye kioo yakiwa nyuzi 30, 40, siyo 95, kwa hiyo hatari ni ndogo sana kuliko birika, lakini kioo chenye jeraha sikuamini hata kwa hayo. Washa gari, fungulia hita kwenye kioo dakika kumi ukiwa njiani, anza kunyunyiza kwenye milango na matairi, kioo kiwe cha mwisho na usisimame mahali pamoja. Hicho chako kilichopasuka kipeleke kwa fundi vioo kabla ya yote, mstari ukishapita mbele ya macho ya dereva hawazibi tena, wanabadilisha. Na barafu ya asubuhi ni kikwangulio na hita, hakuna njia ya mkato, wote tuliofika huku tumeijaribu ya birika. Mi nilifanya kwenye gari la shemeji. La shemeji!

Kuna na upande wa pili wa hiyo hiyo, kitu cha moto kukutana na maji ya baridi. Ukitoka barabara kuu ambako umekamata breki mara nyingi, zile diski zinaweza kuwa juu ya nyuzi 100, ukizielekezea bunduki ya maji ya nyuzi 3 kwa dakika nzima upande mmoja zinaweza kupinda, baadaye ukikanyaga breki usukani unatetemeka. Anza na sehemu nyingine, rimu zisubiri dakika kumi zipoe. Kununua diski mpya ni bei kubwa kuliko kawoshi ya mwaka mzima.

Milango sasa, hii hujaiuliza ila utaiuliza. Mwaka wangu wa kwanza niliosha gari saa nne usiku, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa maji ya moto, nikijisifu. Asubuhi milango yote minne imegandana na raba zake, nikaingia kwa buti kama mwizi, na nilikuwa na kanzu. Maji ya moto hayakulindi na hilo, tena yanapenya vizuri zaidi kwenye mianya halafu yanaganda humo humo. Osha mchana, siku joto limepanda karibu na sifuri, na ukimaliza fungua milango yote na buti, futa raba na ukingo wa bati kwa kitambaa kikavu, fungua na funga vitasa mara mbili tatu maji yatoke. Halafu endesha gari robo saa kabla ya kupaki, ukikanyaga breki kidogo kidogo zikauke.

Aa, na ukikuta bunduki inachuruzika yenyewe wakati hujaweka hela usinipigie simu. Haivuji. Ikiwa chini ya sifuri tunaacha maji yapite kidogo kidogo makusudi, maji yanayotembea hayagandi haraka, la sivyo mpira wote unakuwa fimbo. Kila mwaka napata simu za wageni wenye huruma na bili ya maji ya mwenye kawoshi.

Kiangazi utarudi na swali la wadudu, kwa hiyo nikujibu kabisa. Wadudu waliogandia bampa ni kama damu kwenye nguo, mama yako alikufundisha damu ifuliwe na maji ya baridi kwanza, ya moto sana inaganda kama yai. Maji ya kawoshi hayafiki joto la kupika yai ila na hayo pia hayasaidii sana wadudu, wanachotaka ni kulowana. Taulo lililoloa, liweke juu ya bampa dakika tano, halafu ndo presha. Kinyesi cha ndege hivyo hivyo. Utomvu wa miti ndo unalainika na moto. Lami ya barabara haitoki na maji ya aina yoyote, hiyo ni dawa na kitambaa.

Mjomba. Shikamoo yake, halafu mwambie asinunue boila. Maji yake ni nyuzi 27 bure toka kwa Mungu, gari linaloletwa limekaa juani bati lenyewe la moto, shida ya Tanga ni vumbi, matope na upepo wa bahari, hivyo vyote vinaondoka na maji mengi na sabuni nzuri. Hela ya boila anunue tenki la pili na mashine ya presha yenye nguvu, na sabuni ya gari yenyewe badala ya ile ya unga ya kufulia ambayo inang'oa waksi na kufubaza rangi. Na aweke kibanda kiwe na kivuli, kule adui ni jua, sabuni inakauka kwenye boneti kabla kijana hajamaliza ubavu wa pili, tunarudi kwenye yale yale madoa.

Sehemu moja tu moto utamsaidia, kuosha injini za malori na daladala zenye grisi ya miaka. Sasa hivi vijana wanatumia mafuta ya taa, yanatoa grisi kweli ila yanakula raba na mipira na ni hatari ya moto, moto wenyewe huu wa kuunguza. Kwa kazi hiyo maji ya nyuzi 50 na sabuni ya kutolea grisi yanafanya vizuri, na hayahitaji boila, pipa jeusi juu ya paa litampa nyuzi 35, 40 mchana, aongezee sufuria moja ya maji yaliyochemka kwenye ndoo ya sabuni. Ila asiyapitishe kwenye mashine ndogo ya presha, hizi za nyumbani nyingi zimeandikwa mwisho nyuzi 40, angalie kibao cha pembeni kabla hajaiua. Ayapake kwa brashi, aache yaloweke, halafu presha ya baridi, na injini iwe imepoa kiasi kwamba unaweza kuiwekea kiganja, na alternata (inayochaji betri) na boksi ya fyuzi zifungwe mfuko wa plastiki.

Wewe Jumamosi nenda ya dola 4, uvunguni tu, kioo usikiguse. Na beba kanga ya zamani ya kufutia raba.